Ukweli Debora Aliomnyima Mzee Kefa

Saa tatu asubuhi, Debora Chilongani anaegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wa nyumba ya Bi Hana Madeha, anavua kandambili mlangoni, na kabla hata ya salamu anavuta hewa kwa pua, taratibu. Harufu ya chumba inamwambia mgonjwa ameamkaje, kama kidonda kimetulia au kimechafuka, na kazi ya leo aianzie wapi.

"Mbukwa, mama. Shikamoo," anasalimia, kwa Kigogo kisha kwa Kiswahili.

"Marahaba, dokta wangu wa baiskeli," anajibu Bi Hana kutoka kitandani. "Leo umechelewa. Nikadhani umeniacha nife peke yangu."

Yasinta, bintiye, anayekoroga uji wa uwele pale uani, anaacha mwiko unaelea. Ni miezi mitatu sasa neno kufa halijatamkwa katika nyumba hii. Watoto walikubaliana hivyo, na majirani wakaombwa wachunge midomo. Leo limetamkwa na mgonjwa mwenyewe, tena kwa utani.

Nyumba hii iko katika kijiji kimoja cha vilimani, tarafa ya Kibakwe, wilayani Mpwapwa. Debora, mwenye umri wa miaka 49, si daktari, ingawa nusu ya kijiji humwita hivyo naye amechoka kukanusha. Ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii tangu mwaka 2013. Posho yake, ikija, haifiki shilingi laki moja kwa mwezi. Kinachomlisha yeye na wanawe ni ekari mbili za mahindi na maharage.

Kati ya kazi zake zote, inayomchukulia muda mwingi ni tiba shufaa, yaani kumhudumia mtu ambaye ugonjwa wake hauponi tena, ili maumivu yapungue na siku zilizobaki azimalizie nyumbani akiwa na watu wake. Muuguzi Octavian hupita kila baada ya wiki mbili na pikipiki, akileta morfini ya maji, dawa ya maumivu makali, na kupanga kiasi cha kunywa. Siku zilizobaki ni za Debora. Yeye ndiye huosha vidonda, hugeuza migongo, na husikia yale ambayo mgonjwa hawezi kumwambia mwanawe.

"Watu wanadhani kazi ngumu ni vidonda," anasema, akivaa glavu. "Kidonda unakizoea. Kazi ngumu iko mdomoni."

Saratani ya titi la kushoto imemfungulia Bi Hana kidonda kipana kifuani. Debora anakilowesha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, anaondoa kitambaa cha jana bila kukivuta, anapukutisha unga wa vidonge alivyosaga nyumbani ili kuua harufu. Mikono yake haina haraka. Anaulizia kuku wa Bi Hana, anaulizia shangazi wa nani aliyegombana na nani kanisani, na Bi Hana anajibu yote, tena kwa kuongeza chumvi.

Halafu, bila kubadilisha sauti, Bi Hana anamuuliza Debora, akimwita kwa jina la mwanawe, "Mama Denis, hili jipu litapona?"

Jipu ndilo jina ambalo watoto wamekipa kidonda hicho. Yasinta amesimama mlangoni na bakuli la uji, macho yake yakimsihi Debora asithubutu. Kaka yake, Brighton, mtumishi wa wizara moja kule Mtumba, mji wa serikali jijini Dodoma, alishatoa agizo kwa simu zaidi ya mara nne: "Anti, tafadhali sana. Mama ana presha. Ukimwambia utakuwa umemuua wewe."

Debora anamaliza kufunga plasta. Anakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Mama, nikujibu leo, au nikujibu Jumamosi Brighton akiwepo?"

Bi Hana anageuza kichwa kumtazama.

"Kumbe jibu lipo," anasema.

"Lipo, mama."

"Basi iwe Jumamosi. Tuombe tu nisiondoke Ijumaa."

Nje, Debora anapiga simu Mtumba. Hapandishi sauti, lakini hapindishi maneno pia. "Brighton, mwanangu, njoo Jumamosi. Mama ameuliza. Nimemwekea jibu mpaka utakapofika. Usipokuja, nitamjibu tukiwa wawili." Upande wa pili kijana anang'aka kwamba hiyo si haki, kwamba yeye ndiye mwenye mama. Debora anamsikiliza mpaka amalize, anamwambia asante, anakata.

Ukimwona hivyo unaweza kudhani ni mwanamke mwenye moyo mkavu. Ukweli ni kwamba miaka minne iliyopita alikuwa laini kama wenzake wote, na ulaini huo ndio unaomnyima raha mpaka leo. Kuna mtu mmoja wilayani Chemba anayemdai neno, naye hajui kwamba anadai.

Mwaka 2021, Debora alipewa mgonjwa anayeitwa Kefa Ndahani, mkulima wa vitunguu na mzee wa kanisa, mwenye umri wa miaka 71. Saratani ilikuwa imeziba njia ya chakula. Ugali ulikuwa umemshinda, mlenda ulikuwa unaelekea kumshinda, akabaki na uji mwepesi na maziwa. Hospitali ilishaeleza kila kitu kwa mwanawe mkubwa, Abeli, na Abeli akarudi nyumbani na kutangaza kwamba baba ana vidonda vya tumbo.

"Abeli aliniita pembeni siku ya kwanza," anasimulia Debora. "Akaniambia, mama, mzee asijue. Nikamwambia sawa. Wala sikufikiri. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunafanya, na mimi niliona ni huruma."

Mzee Kefa alikuwa na binti, Angelina, aliyeondoka nyumbani miaka saba kabla na kwenda kuolewa Chemba na mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekutana naye mnadani. Mzee alilalamikia dini ya mkwe, na hiyo ndiyo sababu iliyosemwa mbele za watu. Waliomjua vizuri walisema kilichomuuma hasa ni kwamba hakuulizwa. Siku Angelina alipokuja kuomba radhi, baba yake alimsimamisha nje ya ua na kumwambia asikanyage tena pale mpaka yeye mwenyewe amwite.

Katika ukoo ule, neno la namna hiyo huondolewa na aliyelisema. Angelina alilipokea, akageuka, akaenda zake.

Ilikuwa ziara ya tatu ya Debora. Mzee Kefa alimwomba Abeli akachungulie maji shambani, na alipohakikisha mwanawe amefika mbali, akamshika Debora mkono.

"Yule wa Chemba nataka kumwita," alimwambia. "Lakini sitaki anikute nimelala kama gunia. Mimi nilimfukuza nikiwa nimesimama. Nitamwita nikiwa nimesimama. Sasa niambie wewe uliyesomea, nitasimama?"

Debora anasimulia haya akiwa ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba yake, akichambua maharage. Anapofika hapa vidole vinasimama.

"Nikamwambia, utasimama, baba. Nikamwambia, hivi vitunguu utavivuna kwa mikono yako. Na nikatabasamu. Hicho kitabasamu ndicho kinaniumiza. Hakuna aliyenilazimisha kutabasamu."

Mzee alimwamini. Kuanzia kesho yake, kila asubuhi alijikokota mpaka mlangoni, akashika mwimo kwa mikono yote miwili na kujaribu kusimama wima. Siku nyingine aliweza kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, siku nyingine magoti yalimlegea kabla hajafika tatu. Familia ilifurahi, ikasema mzee ana nguvu, dawa zinafanya kazi. Debora peke yake ndiye aliyejua anafanyia nini mazoezi, na bado akajikaza kisabuni, akampongeza.

Siku kumi na tisa baadaye Mzee Kefa alifariki dunia, vitunguu vikiwa bado vichanga. Simu ya Chemba ilikuwa haijapigwa.

"Angejua, angempigia siku ileile," anasema Debora. "Angemwita akiwa amelala, angemwita hata kwa kunong'ona. Yeye alikuwa anasubiri kupona kwa sababu mimi nilimwambia atapona. Siku kumi na tisa nilizila mimi."

Angelina alikuja msibani. Alifika na mumewe mchana, akasimama usawa wa zizi, pale ua unapoanzia, akaketi chini. Wanawake walimletea kiti, hakukikalia. Baba yake mdogo akatoka, akamwambia, "Ingia mwanangu, tunakuita sisi." Angelina akamjibu kwa heshima zote, "Baba mdogo, ninyi hamkunifukuza." Mazishi aliyaona kwa mbali, juu ya mabega ya watu. Kabla ya jua kutua akawa ameondoka.

Debora alikuwepo, akichota maji ya kupikia. Alipita karibu na Angelina mara mbili, ndoo kichwani. Alikuwa na sentensi moja tu ya kumwambia: baba yako alitaka kukuita. Hakuisema. Aliogopa kuulizwa, kama alitaka, kwa nini hakuita?

Alipomweleza Octavian, muuguzi huyo alimwambia asijilaumu, kwamba alifuata matakwa ya familia. Ni maneno mazuri na Debora anamshukuru, lakini hayakumsaidia kitu. Familia haikujua kwamba mzee alitaka kumwita yule wa Chemba. Alijua yeye.

Tangu hapo amebadilisha namna ya kufanya kazi, bila kuamriwa na mtu. Siku ya kwanza katika nyumba yoyote huwakalisha ndugu na kuwaambia wazi: sitamwendea mgonjwa na habari asizozitaka, lakini akiniuliza sitamdanganya. Asiyetaka atafute mwingine. Na mgonjwa mwenyewe humuuliza kwanza kama angependa kujua. Wapo wanaosema hapana, na hao huwaacha na hapana yao.

Msimamo huo umemgharimu. Nyumba mbili zilimfungia mlango. Katika moja, mabinti wa mgonjwa walimwambia mbele za watu kwamba ana mdomo wa jeneza, na jina hilo likazunguka kijijini kiasi kwamba watoto wa shule walikuwa wakimwona na baiskeli yake wanakimbia huku wakicheka. Yeye pia siku hizi hucheka akilisimulia, ila si kwa muda mrefu.

"Nyumba ya Bi Hana nilizembea," anakiri. "Nilimkuta Yasinta analia sana, nikasema nitawaambia wiki ijayo. Wiki ikawa miezi. Unaona? Huo ulaini bado ninao."

Jumamosi, saa nne asubuhi, Brighton anafika. Ana miaka 34, shati limenyooshwa, mkononi ana mfuko wa matunda na kichwani ana mpango: Jumatatu gari la kukodi litakuja, mama apelekwe Dodoma, na ikibidi Dar es Salaam. Mwezi Machi madaktari walishamwambia kwamba matibabu ya kuponya yamefika mwisho na kilichobaki ni kumtunza nyumbani. Anajua. Ila atasemaje kwa watu kwamba alikaa tu, yeye mwenye kazi serikalini, mama yake akifa kitandani?

Wanaketi chumbani wote wanne. Debora anavuta kigoda mpaka usoni pa Bi Hana na kumshika mkono.

"Mama, uliniuliza. Bado unataka nikujibu?"

"Jibu."

"Hili si jipu. Ni saratani. Imeshasambaa, na dawa ya kuiondoa haipo tena. Dawa ya kuondoa maumivu ipo, na hiyo hutaikosa. Mimi sitaacha kuja."

Yasinta anaficha uso kwenye kanga. Brighton anatazama sakafu. Bi Hana anatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa barua aliyokwisha kuisoma.

"Nilijua siku nyingi," anasema. "Nilijua mlipoacha kubishana na mimi. Yasinta tangu azaliwe hajawahi kuniambia 'ndiyo mama' mara tatu kwa siku. Ukiona watoto wako wamekuwa na adabu ghafla, ujue safari imefika."

Anacheka peke yake, kisha wote wanacheka, kisha Brighton anaanza kulia kwa sauti na hakuna anayemnyamazisha.

Yaliyofuata yalichukua muda usiozidi saa moja. Bi Hana alisema hataki gari la Jumatatu wala la siku nyingine yoyote. Alisema atazikwa hapa, kando ya mumewe, na si kwenye kiwanja cha Brighton huko mjini, hata kama kina hati. Alisema nyumba hii ni ya Yasinta, akamtaka Brighton aseme kwa mdomo wake kwamba amesikia, na Brighton akasema. Mwisho akamgeukia mwanawe.

"Kazini mtu akifiwa wanampa ruhusa?"

"Wanampa, mama."

"Siku ngapi?"

"Zinafika kama wiki, mama."

"Kaiombe sasa, nikuone. Nikishaondoka utakuja kumtazama nani?"

Brighton akatoka kwenda kupiga simu. Aliporudi alivua viatu na soksi, akapanda kitandani kwa uangalifu upande wa kulia, usio na kidonda, akalala kando ya mama yake, mtu mzima na shati lake la kazini. Bi Hana akaanza kumgombeza kwamba amekonda, na mke wake anampikia nini huko.

Debora akaokota beseni lake na kutoka. Alifika mpaka kwenye baiskeli, akaishika usukani, lakini hakuondoka. Alikuwa analia waziwazi, bila kujifuta.

"Siku kumi na tisa za namna hii," alisema. "Mzee Kefa angezipata kumi na tisa."

Namba ya Angelina anayo tangu mwaka jana. Alimwomba Abeli, akaihifadhi kwenye simu kwa jina la Chemba, na tangu hapo, kwa maelezo yake mwenyewe, ameifungua mara nyingi na kuifunga mara hizohizo. Safari hii aliibonyeza. Aliiweka simu kwenye sauti kubwa, akamruhusu mwandishi wa makala haya asikie.

Ng'ombe walisikika kwa nyuma, kisha sauti ya mwanamke.

"Angelina, mimi ni Debora wa Kibakwe, Mama Denis. Niliyekuwa namhudumia baba yako."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina neno lako nimekaa nalo miaka minne."

Akalisema lote. Alieleza ombi la mzee, jibu lake yeye, mazoezi ya kila asubuhi kwenye mwimo wa mlango, ndoo alizopita nazo msibani. Hakujitetea wala hakumtaja Abeli. Angelina alisikiliza bila kukatiza, na alipozungumza aliuliza jambo moja tu.

"Alinitaja jina?"

Debora alifumba macho. Baadaye alieleza kwamba alitamani sana kusema ndiyo. Shahidi hakuwepo. Mzee yuko kaburini, na neno ndiyo lingempoza binti yake kuliko dawa yoyote aliyowahi kuibeba kwenye baiskeli.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Alisema 'yule wa Chemba'."

Ikasikika pumzi, na Angelina akaanza kulia na kuongea kwa pamoja.

"Huyo ni baba. Huyo ni yeye kabisa. Ungeniambia amenitaja jina nisingekuamini. Tangu niolewe hakuwahi kulitamka." Akapenga kamasi. "Njoo, mama. Usinieleze kwenye simu. Njoo uniambie alivyokuwa anasimama."

Alhamisi ijayo, baada ya kumfunga Bi Hana kidonda na kumwachia Yasinta maelekezo ya siku mbili, Debora atapanda basi la Dodoma na kutoka hapo aunganishe la Chemba, ambako hajawahi kufika. Anatumaini kwamba Angelina, akishasikia yote, atakubali kurudi naye Kibakwe na kuingia ndani ya nyumba ya baba yake. Hajui kama wito uliocheleweshwa miaka minne, tena ukipelekwa na yuleyule aliyeuchelewesha, bado ni wito.

"Nitaufikisha hivyohivyo," anasema. "Ulikuwa wake. Mimi ndiye niliyekaa nao."